Pawa Soo Isiyonguruma

Pawa soo ya petroli ikiwashwa ng'ambo ya mto, kuku wangu hukimbilia chini ya stoo ya mahindi na mimi najua kuna mti wa mtu unaanguka leo. Sihitaji kuambiwa. Nikisimama kidogo nisikilize, najua hata ni mti gani, kwa sababu blugamu inakawia na mashine inalia kwa taabu, lakini grivelia inaliwa upesi kama mkate.

Huku kwetu, juu kidogo ya Boito, shamba la mtu ni majani chai kutoka mlangoni hadi mtoni, kwa hivyo kuni ni shida. Hakuna mtu atang'oa chai ili apande miti ya kuchoma. Mti ukikatwa, mwenye mti anachukua gogo, na matawi ni ya akina mama wa karibu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini tunaifuata kuliko zile zilizoandikwa. Mama anayelaza kamba yake juu ya tawi, tawi ni lake. Hata mke wa chifu akiwa amesimama hapo na panga mkononi, atatafuta lingine. Ndiyo maana ni lazima uwe karibu, na uwe na mbio.

Sheria ya pili ni kwamba huingii chini ya mti mashine ikiwa inanguruma. Yule mtu wa pawa soo akipumzika, anaiacha ikikohoa kohoa juu ya kisiki, tut-tut-tut, na sisi tunangoja kwenye mstari wa chai. Ikinyamaza kabisa, basi yeye ameshuka, amekaa chini, anauliza chai iko wapi. Hapo unaingia. Nimewafundisha mabinti zangu wote hivyo kabla hawajaolewa. Usiangalie mtu, sikiliza mashine. Miaka yote hiyo hakuna mama hata mmoja wa upande huu aliyeangukiwa na tawi. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo kama kwamba ni mimi niliyelianzisha.

Mke wa mwanangu ndiye aliyeleta ile mashine nyingine. Mwanangu ni dereva wa lori, hapa nyumbani huja kama mgeni, anakula, analala, anauliza ng'ombe ngapi wanakamuliwa, anaenda. Huyu mke wake ndiye ninayekaa naye. Ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi, na mimi sikumwambia hivyo hata siku moja, kwa sababu msichana ukimsifu anaharibika. Zamani aliajiriwa na kontrakta mmoja wa kukata matawi yaliyoegemea nyaya za stima, na huko ndiko alikojifunza kupanda kwa mkanda na kamba. Kazi hiyo ilipoisha, akaweka akiba polepole, na siku moja akashuka kutoka sokoni na begi nyeusi ngumu.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza.

"Ni pawa soo, Mama."

"Hii? Na petroli unaweka wapi?"

"Haina petroli. Ni ya betri."

"Betri kama ya redio?"

"Kubwa kidogo. Naichaji hapa kwa stima, kama simu."

Rafiki yangu alikuwepo. Huyu ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Tuliolewa hapa mwaka mmoja, tukazaa pamoja, tukazika wazee wetu miaka miwili mbali mbali, na kuni tumetafuta pamoja tangu miguu yetu ikiwa mizuri. Ana mdomo, na mimi nina mdomo, ndiyo maana tumekaa. Akainama akaiangalia ile mashine kama mtu anayeangalia mtoto wa wengine.

"Hiyo," akasema, "ni ya kukata sukuma wiki."

Mke wa mwanangu akavaa glavu, akasukuma betri ndani ikasema tap, akabonyeza. Sikusikia kitu. Ninasema ukweli, kwanza sikusikia kitu, niliona tu cheni imekuwa kivuli. Halafu ikaja sauti kama ya cherehani ya fundi wa nguo, si zaidi. Akaigusisha kwenye nguzo kuukuu ya ua iliyokuwa imeoza chini. Kabla sijafunga mdomo, nguzo ilikuwa vipande viwili, na mashine imenyamaza tena mkononi mwake kana kwamba haikufanya lolote.

Kuku hawakukimbia. Hilo ndilo lililonitisha. Kuku walikuwa wakiendelea kuchakura pale pale.

"Wee!" rafiki yangu akasema, akajishika kifua. "Hii inaweza kukukata mguu ukiwa unaongea nayo."

Jambo la pili lilinishtua zaidi ya la kwanza. Nilidhani amenunua ya kukodisha kwa wanaume. Kumbe ni yake, ya kupanda nayo mwenyewe. Siku aliyotoka nyumbani amevaa suruali ya kazi, helmeti kichwani na kamba begani, nilimfuata hadi kwenye lango.

"Mwanamke hapandi mti," nikamwambia. "Hapandi mti wala hapandi juu ya nyumba. Ulizaliwa wapi wewe?"

"Nilizaliwa Kabianga, Mama, na wewe unapajua."

"Wanaume wameisha?"

"Hawajaisha. Lakini wale wa petroli wakija wanaangusha tawi juu ya majani chai, halafu wanataka kupikiwa."

Hayo yalikuwa kweli. Mwaka uliotangulia walinivunjia mashina ya chai kama kumi na wakamaliza sufuria ya ugali.

Basi akaenda. Na watu wakampenda, sitaficha. Walimwita kukata matawi karibu na zizi, kwa sababu ng'ombe wa maziwa hawakushtuka. Walimwita kanisani watu wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuwa akifunga tawi kwa kamba kwanza, analikata, linashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi. Watoto wake wawili walikuwa wakisoma kwa mashine hiyo. Unga wetu ulikuwa mashine hiyo. Mimi niliendelea kusema ni aibu, huku nikila.

Sasa nitaeleza ile siku.

Tulikuwa na grivelia kubwa nyuma ya jikoni. Ilikuwa imetoa tawi moja nene juu ya bati na jingine juu ya mistari ya chai. Mke wa mwanangu akasema atayapunguza asubuhi, baada ya kukamua. Rafiki yangu akasikia, maana hakuna kitu cha kuni asichosikia, akaja na kamba yake kiunoni kabla umande haujakauka. Akina mama wengine walikuwa bado kwenye kituo cha kupimia majani chai. Tukajua matawi yote ni yetu, kama tutafanya haraka.

Kabla hajapanda, mke wa mwanangu alikuja akasimama mbele yetu.

"Mama, mkae pale kwa mstari wa chai mpaka nishuke. Mpaka mwone miguu yangu iko kwa nyasi."

"Nimesikia."

"Si mpaka mashine inyamaze. Hii inanyamaza kila wakati, nikiacha kubonyeza tu imenyamaza."

"Nimesema nimesikia. Wewe panda."

Nilimsikia vile mtu husikia matangazo ya redio ya kaunti nyingine. Na tena, niseme yote, nilikasirika. Tangu lini mke wa mwanangu ananionyesha mahali pa kusimama katika boma langu, mbele ya rafiki yangu? Rafiki yangu naye akaona, akanichokoza.

"Umepewa amri, mama."

"Nyamaza."

"Unaogopa mke wa mtoto. Mimi wangu ananiogopa."

"Wako anakuogopa kwa sababu ya harufu ya ugoro."

Tukacheka. Juu, majani yalikuwa mengi, huoni mtu, unaona tu kamba ikicheza. Cherehani ikaimba, tawi la kwanza likashuka juu ya kamba, likalala kando ya jiko vizuri bila kugusa bati. Cherehani ikaimba tena, ndefu. Kisha ikanyamaza.

Tukangoja. Kimya. Ndege mmoja akarudi kwenye mti. Kwa masikio yangu, hayo yaliyofundishwa na pawa soo za petroli, kazi ilikuwa imeisha. Na kule chini njiani nikaona mama wawili wanapanda kutoka kituo cha majani na vikapu vitupu.

Nikasema, "Imenyamaza. Twende."

Rafiki yangu akasema, "Bado yuko juu."

Nikasema, "Yuko juu anapunga hewa. Unaogopa nini? Unataka wale wakukute umesimama hapa kama mgeni?"

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi mpaka sasa yanajisema yenyewe.

Akaenda. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua tatu, kwa sababu leso yangu ilishikwa na shina la chai nikasimama kuitoa. Nilimwona akifungua kamba kiunoni na kuitupa juu ya lile tawi la kwanza. Akageuka kunicheka, kwamba amelipata yeye. Cherehani ikaimba kidogo tu juu yetu, kama neno moja. Nikasikia mti unapasuka.

Sikupiga kelele. Watu wanasema nilipiga, lakini mimi najua sikupiga. Tawi la pili lilikuwa limefungwa kamba, halikuanguka lote, sivyo lingemwua. Lilibembea kutoka upande, likampiga begani na kumtupa, na ncha yake nene ikashuka juu ya mguu wake. Nilisikia mfupa. Nimesikia mifupa ya ng'ombe, nimesikia mifupa ya kuku. Ule haukufanana na yoyote.

Mke wa mwanangu alishuka kwa ile kamba sijui vipi, alikuwa juu, halafu alikuwa chini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa betri kwenye mashine na kuitupa mbali. Kisha akapiga magoti. Rafiki yangu alikuwa amefumbua macho lakini hakuwa akiangalia kitu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Mke wa mwanangu akachana leso yangu, hakuniomba, akachukua vijiti viwili vilivyonyooka, akafunga ule mguu hapa na hapa, mikono yake ikifanya kazi haraka.

Akainua kichwa akaniangalia. "Mama. Nani aliwaambia muingie?"

Nikamjibu, "Aliingia."

Neno moja. Si uongo, ukiliangalia. Rafiki yangu aliingia. Lakini nililitoa upesi sana, kabla sijafikiri, kama mkono unavyoondoka kwenye sufuria ya moto. Na mke wa mwanangu akaliamini. Niliona likiingia ndani yake na kukaa.

Jirani mwenye pikapu akampeleka rafiki yangu hospitali ya Longisa. Tulimlaza nyuma juu ya magunia ya majani chai, nami nilikaa naye nikimshika kichwa njia yote, naye kila pikapu iliporuka alisema jina la mama yake, ambaye alikufa zamani. Hospitalini wakamwingiza ndani, wakamnyoosha mfupa, wakamfunga plasta nzito kutoka vidole hadi juu ya goti, na bega wakalifunga kwa kitambaa. Wakasema atatembea, lakini si upesi, na si vile alivyokuwa.

Siku ya tatu, mtoto wake mkubwa alikuja bomani kwangu. Ni mtu mzima, ana watoto, ananiita mama tangu alipokuwa akinyonya. Alikuja na mzee wa kijiji na wanaume wengine wawili, wakakaa kwenye benchi chini ya ukuta wa jikoni. Hakutaka chai. Hapo nikajua.

"Sikuja kugombana," akasema. "Lakini mashine isiyo na sauti, mama, hiyo ni kitu gani? Hata gari lina honi. Hata nyoka anafanya fsss. Na tena mwanamke juu ya mti. Watu walisema. Nyinyi hamkusikia."

"Watu walisema," mmoja wa wale wanaume akaunga.

"Hiyo kitu ingefungiwa mahali," akaendelea, "mpaka mama yangu atembee. Na asipotembea, isirudi."

Mzee wa kijiji akamgeukia mke wa mwanangu. "Una neno?"

Alikuwa amesimama mbali kidogo, amevaa rinda, mikono nyuma. "Sikuangalia chini," akasema. "Nilinyamazisha mashine nikahamisha kamba, halafu sikuangalia chini kabla ya kukata tena. Ni makosa yangu."

"Umesikia," yule mtoto wa rafiki yangu akasema, si kwa ukali, kwa huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Halafu mzee wa kijiji akanigeukia mimi. "Mama, wewe ulikuwa hapo. Una neno?"

Mimi ndiye mwanamke aliyemsimamisha mhubiri katikati ya ibada nikamwambia amesahau kutaja wajane. Mimi ndiye niliyeyaondoa majani yangu kwa karani wa kituo nikamwambia mizani imeegemea jiwe. Hakuna mtu katika eneo hili aliyewahi kuniuliza kama nina neno, kwa sababu huwa tayari nimelisema. Nikafungua mdomo.

"Sina," nikasema.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka chini ya mti. Nilikaa pale nikisikia hilo neno kama limesemwa na mama mwingine aliyekaa kwenye kiti changu. Nilingoja niliondoe. Sikuliondoa. Wanaume wakatikisa vichwa, mambo yakaendelea mbele bila mimi.

Mke wa mwanangu akaenda ndani akaleta ile begi nyeusi. Akaifungua, akatoa betri zote mbili.

"Hizi zibaki hapa," akamwambia mtoto wa rafiki yangu. "Zikikaa pamoja na mashine, mtoto wako anaweza kubonyeza."

Hata wakati huo. Wakimnyang'anya unga wa watoto wake, yeye anawaza vidole vya watoto wao. Yule mtu akaichukua begi amenyoosha mkono mbele, kama anabeba paka aliyekufa.

Kesho yake asubuhi nilimsikia mke wa mwanangu akijibu simu. "Sina mashine." Halafu tena, "Sina mashine kwa sasa. Tafuta mwingine." Mara ya tatu hakujibu, aliiacha ikalia mpaka ikachoka. Mimi nilikwenda kuchuna majani, na nilipofika kituoni karani akaingiza mkono kwenye kikapu changu, akatoa shina refu gumu, akanionyesha.

"Kogo," akasema, vile vijana wa huku humwita bibi mzee, "leo umechuna kuni."

Wanawake wakacheka. Mimi sijawahi kurudishiwa majani. Nikamwaga yale mabaya kando ya barabara nikarudi nyumbani, na nilipopita dirisha la nyumba ya mwanangu niliona sare za watoto zimekunjwa juu ya meza, viatu vimewekwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mama yangu, Kabianga. Kwa muda. Kule kuna wanafunzi wa chuo, nitafua nguo zao." Hakuniangalia. "Hapa watu wakiniona wanakumbuka ule mguu. Na wewe pia, Mama. Nimeona huniangalii tangu siku ile. Sikulaumu. Ni rafiki yako."

Alidhani nimemkasirikia. Yaani alikuwa amelipa makosa yangu, na juu ya hayo alikuwa ananionea huruma.

Nikaenda hadi mlangoni. "Acha hizo nguo," nikamwambia. "Vaa viatu. Tunaenda Longisa."

"Mama, wale vijana wa rafiki yako watakuwepo. Ni saa ya kuona wagonjwa."

"Ndiyo sababu."

Njia nzima hakuniuliza kitu, wala mimi sikumwambia. Kama ningeanza kumwambia kwanza yeye, ningetosheka na hapo, najijua.

Wodi ilikuwa imejaa watu. Rafiki yangu alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, amekonda kwa siku chache hizo, ule mguu mweupe umeinuliwa juu ya mito kama kitu kisicho chake. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekaa kando akimmenyea chungwa. Alipomwona mke wa mwanangu akasimama. Mke wa mwanangu akabaki mlangoni.

"Mwache aingie," rafiki yangu akasema. "Amenifunga mguu. Daktari amesema amenifunga vizuri." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ulichelewa. Nimekungoja nikuulize. Hawa wananieleza mambo na mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka nimetupa kamba. Nakumbuka nimekucheka. Kabla ya hapo sikumbuki. Kwani niliingiaje? Mimi si mtu wa kuingia chini ya mti na mtu yuko juu."

Ilikuwa kweli. Yeye ni mwoga wa miti tangu ujana wetu, mimi ndiye huwa nacheka.

"Mimi nilikuambia uingie," nikasema.

Chungwa likaacha kumenywa.

"Huyu msichana," nikasema, nikanyoosha mkono kwa mlango bila kugeuka, "alituambia tungoje mpaka ashuke. Alisema mara mbili. Alisema hata kwamba mashine hiyo inanyamaza bure bure. Wewe ulitaka kungoja. Ulisema, bado yuko juu. Mimi nikakuambia, unaogopa nini. Nikakuonyesha wale mama wawili wanakuja. Ukaingia kwa sababu yangu."

Kitanda cha pili mama mmoja alikuwa akikohoa, akaacha kukohoa ili asikie.

"Na jana?" mtoto wake akaniuliza. Alikuwa akiongea polepole sana. "Pale bomani. Mzee alikuuliza una neno. Sisi tukimsema huyu mke wa mtoto wako, wewe ukiwa umekaa hapo. Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, mama?"

"Niliogopa," nikasema. "Sikujua kama nami huogopa. Mwenye makosa ni mimi. Mashine mrudishie leo, wala usingoje mama yako atembee. Mimi nitakwenda kwa mzee wa kijiji mwenyewe, nitarudia haya mbele ya wale wale."

Akaweka chungwa juu ya kabati dogo. Aliniangalia kwa muda, na nikaona katika macho yake nikipungua, kama mtu anayeteremka kilima. Alikuwa akiniita mama tangu alipokuwa akinyonya. Hakuniita hivyo tena siku ile. Alipita kando yangu, akaenda mlangoni, akasimama mbele ya mke wa mwanangu, mtu mkubwa hivyo, hajui mikono aiweke wapi.

"Iko kwangu chini ya kitanda," akamwambia. "Nitaileta jioni. Sikuigusa."

"Asante," mke wa mwanangu akasema.

Mimi bado sikuwa nimegeuka. Nilikuwa nikimwangalia rafiki yangu, yeye akiangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukuta na nguo za wagonjwa zimeanikwa. Nilingoja anitukane. Anajua kutukana, nilikuwa tayari. Nilitamani anitukane.

"Ulisema, unaogopa nini," akasema baadaye.

"Ndiyo."

"Na mimi nikaenda. Kwa sababu ningebaki ungenicheka mpaka Krismasi."

"Ningekucheka."

Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na kitu ningeweza kukiita msamaha, na mpaka leo sijui niuite nini. Tunaonana, tunasalimiana, anatembea kwa fimbo. Kuni sasa anapelekewa na wajukuu wake. Hajanituma na hajanialika, na mimi sina uso wa kumwuliza.

Lakini siku ile, mtoto wake aliporudi kutoka mlangoni na kutaka kumwekea mto vizuri, rafiki yangu alimsukuma mkono.

"Si wewe," akasema. Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Yeye. Nisogezee huu mguu. Umelala vibaya tangu asubuhi."

Nikaweka mkoba wangu chini. Nikaingiza mikono miwili chini ya ile plasta, nikauinua. Sikujua mguu wa mtu mmoja mwembamba unaweza kuwa mzito hivyo.

"Polepole, wewe!" akapiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Polepole! Huo si tawi!"

Nikauinua polepole.